Nota Tano za Filimbi

Tokumaru hakuwa na cheti cha chuo. Hakuwa na kile kisanduku cha kutoa sauti za ala ambacho wenzake wote walikichomeka kwenye kompyuta zao kongwe. Kinanda hakuwa nacho, wala nafasi ya kukiweka. Hata sikio la kushoto hakuwa nalo. Kelele za kiwanda cha misumari zilikwisha kulizima, na siri hiyo aliijua mkewe Fumie peke yake, aliyekaa kulia kwake kila mlo kwa miaka arobaini.

Alichokuwa nacho ni kiendeshi. Miaka sita aliiandika programu hiyo ndogo, mpaka kompyuta ya mwaka themanini na saba ikaweza kusoma nota na kupiga filimbi, fidla na ngoma yenyewe, bila kisanduku.

Katika chama chao cha kompyuta kongwe pale Osaka, mtu haandiki jina lake kwenye programu. Huweka wimbo mfupi wa sahihi, unaojirudia mpaka ubonyeze kitufe. Wa Tokumaru ulikuwa nota tano za filimbi. Fumie alikwisha kuuchoka: mumewe aliupiga mluzi kila alipoosha mchele.

Wakati wa maua ya mcheri alimpa rafiki yake Nagatani diski, aipige msasa kwa ajili ya maonyesho. Asubuhi hii ilirudi kwa posta. Wanachama sitini walikuwa wamepelekewa nakala kama hiyo.

Kuta za nyumba zilikuwa nyembamba. Kama kawaida, Tokumaru akavaa hedifoni, akawasha.

Likalia gitaa. Nota saba. Sahihi ya Nagatani.

Akasubiri filimbi. Akazima, akawasha tena, mara tatu. Gitaa tu.

Akapiga simu.

"Umesikia, mzee?" Nagatani alikuwa anacheka. "Pale mwanzoni? Mimi na wewe, kama wale walinzi wawili wanaosimama pande mbili za mlango wa hekalu."

"Nimesikia."

"Sasa mbona umenuna? Mimi nilidhani utalia."

"Nimesikia vizuri sana," alisema Tokumaru, akakata.

Akachukua karatasi, akaandika barua, na mwandiko haukuyumba. *Nilikukabidhi kazi ya maisha yangu, ukaifuta sauti yangu ukaweka yako. Usikanyage tena mlangoni kwangu. Hata kwenye mazishi yangu usije.*

Fumie alisoma juu ya bega lake la kulia. "Baba Chie, hiyo barua si ungeiacha ilale mpaka kesho?"

"Hailali na mimi humu ndani."

"Miaka arobaini mmekula pamoja."

"Kumbe mlaji alikuwa mmoja."

Akagundisha bahasha, akachora alama ya kufunga juu ya mkunjo, akabandika stempu, akavaa viatu bila kuvikaza.

Kompyuta ilikuwa bado inaimba. Fumie akainua hedifoni aitundike. Upande wa kushoto ulipopita karibu na sikio lake, alijikuta anaufuatisha wimbo wa filimbi kwa mluzi, ule wa kuosha mchele.

Akakimbilia dirishani. Tokumaru alikuwa amesimama mbele ya sanduku jekundu la posta, tremu ikipita kwa kishindo kulia kwake, sikio la kushoto likielekea nyumbani. Fumie aliita mara mbili. Barua ikatumbukia.