Kiganja Bwawani

Maji ya bwawa yalikuwa maangavu hadi chini, na samaki wa Bi Raya walikuwa wakifa kwa njaa.

"Shemeji, unalichafua bwawa la marehemu kaka yangu?" Hamdu aliuliza alipoiona ndoo ya samadi.

"Kaka yako alipenda maji safi. Samaki hawali usafi."

Akamwaga. Vijimea visivyoonekana kwa macho vilipata mbolea, vikatumia jua kujitengenezea chakula, vikaongezeka. Maji yakageuka kijani, yakajaa chakula cha samaki.

Wiki ya pili Bi Raya alitumbukiza mkono hadi kiwiko, kama wapimavyo wafugaji wa samaki. Kiganja kikionekana, chakula hakitoshi.

"Unakiona?" Hamdu aliuliza.

Kiganja kilikuwa kimepotea, na midomo midogo ilikuwa ikimgusa vidole.