Tangi la Mzee Shomari

Tangi lile la gari Mzee Shomari alilijaza mwenyewe, kabla macho yake hayajaingia ukungu. Tangu mkewe, Bi Tatu, apate leseni, kila alipoomba kuendesha alijibiwa vilevile: "Mafuta yangu hayajaisha."

Leo asubuhi mzee aliamka, akaagiza beseni, akalala chali chini ya Pijo yake kuukuu, akiipapasa nati ya tangi.

"Kitendawili," akasema Bi Tatu.

"Tega, lakini nina kazi."

"Ana tumbo kubwa, hatoki nyumbani, na kilichomo kimechacha."

"Si unitaje jina tu, mke wangu."

Nati ikalegea. Petroli ikachuruzika, nyekundu kama chai ya rangi, ikinuka vanishi. Mzee akachovya kidole, akanusa, akaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho.

Nati iliporudi mahali pake, Bi Tatu akamimina petroli mpya kutoka kwenye dumu. Mzee akalizunguka gari, mkono juu ya boneti, akaupita mlango wa dereva, akaketi upande wa pili.

"Usikanyage klachi kama unaua mende," akasema.

Bi Tatu akavua viatu, akashika ufunguo. Kando yake, mzee alikuwa akipapasa mlangoni, akitafuta kishikio cha kushushia kioo.