Mfagiaji wa Uwanja

Marthe alikuwa amefika utosini, akimsuka msichana mmoja katika saluni yake ya Turffontein, alipomwona mumewe kwenye simu ya yule msichana.

Mumewe alikuwa marehemu. Rafiki yake ndiye aliyepiga simu kusema amezama baharini akielekea Ulaya. Marthe akamfanyia matanga hapahapa Johannesburg, bila maiti.

Msichana, Mtanzania aliyekuwa akienda kusoma Uswisi, alikuwa akitafuta mahali pa kuchezea padeli huko, ule mchezo kama tenisi unaochezwa ndani ya kuta za vioo. Picha zilipita moja baada ya nyingine.

"Hebu rudisha hiyo," Marthe alisema.

Nyuma ya kioo, milima yenye theluji ikiwa kwa mbali, mwanamume alifagia uwanja wa buluu kwa mkono mmoja, wa pili kauweka mgongoni, kama alivyofagia ua wao kule Uvira, Kongo.

"Ikuze."

Uso ukasogea. Ni yeye. Amenenepa. Marthe aliukodolea macho ule unene: shingo imejaa, mashavu yanang'aa, mashavu ya mtu anayelala usingizi wake wote.

"Picha ya lini?"

"Mwezi uliopita, mama. Unamfahamu?"

Marthe alianza msuko mwingine.

"Uwanja huu uko karibu na chuo changu," msichana alisema. "Nikimkuta, nimwambie nani anamsalimia?"

"Usitaje jina," Marthe alisema. "Mwambie tu tulimlilia vizuri."