Haikumwona Popote

“Mwanangu, hii mashine yenu inamkamata kweli mtu aliyejiandikisha mara mbili? Hata akiwa mbali?”

Hiyo ilikuwa mara ya tatu Mama Tariq anauliza.

“Inamkamata, mama. Hata awe Kigoma.”

Rosalia alimjibu kwa adabu, lakini moyoni akasema makubwa haya, mtu mzima anajitafutia kura ya pili mchana kweupe. Yeye alikuwa mgeni Babati, katoka Mbulu kwa kazi hii ya kuandikisha wapiga kura. Alimjua Mama Tariq kwa duka lake la kanga tu, pale Bagara. Na maombi ya kuandikishwa ambayo mama huyo aliyatuma kwa simu hayakuwa ya kwake, yalikuwa ya binti yake.

“Amira mwenyewe yuko wapi?”

“Hayupo karibu.” Akasogea karibu na mashine. “Wewe nitazamie tu, mwanangu.”

Rosalia akaingiza namba ya kitambulisho cha Amira. Kioo kikawa chekundu: mwenye namba hii ameandikishwa Mpanda, mwezi uliopita. Picha ipo, alama za vidole zipo.

Hapo kazi ni moja, kumwita msimamizi, na msimamizi wao hakuwa na masihara. Wiki ile ile alishampeleka mtu polisi kwa kosa hilo hilo. Rosalia akamtazama mama wa watu, rika la mama yake mzazi, midomo imemkauka. Roho ikamuuma, akayafuta yale maombi.

“Imesemaje?”

“Haijasema kitu, mama. Haikumwona popote. Nenda nyumbani ukapumzike.”

“Nchi nzima?”

“Nchi nzima.”

Mama Tariq aliinuka, akatoka bila kuaga. Hofu imemzidi, Rosalia akawaza, na siku nzima alifanya kazi na moyo mweupe kwa kumwokoa.

Jioni akirudi kwake alikuta duka la Mama Tariq limefungwa, majamvi yametandikwa nje, wanawake wamejaa. Akamuuliza Feisal, muuza viatu wa jirani, nani amefariki.

“Binti yake, Amira. Alitoroka nyumbani miaka mingi iliyopita, watu wakasema kafa, na mama mtu akakataa katakata asisomewe hitima. Leo kakubali mwenyewe. Anasema serikali imemtafuta nchi nzima, haikumwona popote.”