Nabad Kwanza

Ramani iligoma kubadilika. Mchana kutwa Hamda alikuwa amebadilisha matoleo ya maktaba zote za msimbo ambazo programu yake ya simu ya kufuatilia visima inazitegemea, akalinganisha mipangilio ya Android na ya iPhone mstari kwa mstari. Bado kila kisima kwenye ramani kiling'aa kijani: maji yapo. Katika kiangazi hiki?

Alimpigia simu mjomba wake, mfugaji wa Hadado. "Abti, warran?"

"Nabad," alijibu mzee. "Amani tupu, alhamdulillahi."

"Na kisima?"

"Kisima kimekauka. Tumeshahama. Ngamia wawili wameanguka njiani."

Hamda aliweka kidole juu ya kitone cha Hadado kwenye ramani. Swali la kwanza la programu alilitunga mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani: Warran? Habari gani? Mfugaji anayejibu nabad, yaani amani, kisima chake hupakwa kijani, na maswali yanaishia hapo.

Lakini nani huku huanza salamu kwa msiba? Kwanza amani, ndipo ya moyoni yafuate.

Aliinua kidole, akakipitisha kwenye visima vingine. Kutulo, kijani. Bute, kijani. Kila mahali, nabad.