Upande wa Mbuzi

Fundi rangi alianza na pua. Pua ya fundi viatu ilikuwa pana, imejikalia usoni kama mwenye nyumba, na mtu angeitambua hata akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Hicho ndicho alichokitaka. Pazia likivutwa Jumapili, kila mtu aione pua ile imewekwa wapi Siku ya Mwisho: kwa mbuzi.

Kazi alipewa na mchungaji. Ukuta mzima nyuma ya mimbari achore Hukumu, mataifa yote yamekusanyika mbele ya Yesu. Ila masharti yalikuwepo.

"Moto sitaki. Pembe na mikia sitaki. Watoto wakiogopa hawarudi, na mama zao hawarudi."

"Sasa mchungaji, watu watajuaje nani kapona na nani kaangamia?"

"Pande zitasema zenyewe. Kondoo kuume, mbuzi kushoto. Nani asiyejua hilo?"

Basi fundi akatundika pazia kubwa, akajifungia nyuma yake na makopo yake. Akauelekea ukuta, akanyoosha mkono wa kulia: hapa kondoo. Akanyoosha wa kushoto: hapa mbuzi. Katikati akaacha nafasi ya Yesu, maana mkubwa huchorwa mwisho, mkono ukishazoea.

Ugomvi wake na pua ile ulitokana na mwalimu wa kwaya. Mjane yule alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi ambavyo siku hizi haviishi kwenda kwa fundi viatu. Fundi rangi alivikagua kwa macho siku moja ya mazoezi: soli nzima, uzi mzima, kisigino kizima. Sasa kinachoshonwa huko ni nini? Halafu kicheko! Ukipita karibu na kile kibanda unamsikia mama wa watu anacheka mpaka anashika ukuta. Kwa fundi rangi hakuwahi kucheka, hata siku aliyoporomoka kwenye ngazi na kopo la bluu kichwani. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki.

Kwa hiyo upande wa kulia, mstari wa mbele kabisa, akajichora mwenyewe, amenyooka, tumbo limepungua kidogo kwa neema ya Mungu. Ubavuni pake akamchora mwalimu wa kwaya, wameshikana mikono.

Hakumficha. Alimfuata mwalimu huyo alipokuwa akipanga vitabu vya nyimbo.

"Dada, nimekuchora. Jumapili utaona nilipokuweka, na niliyekuweka naye. Ukiridhika, nyamaza tu, nami nitajua umenikubali. Usiporidhika, sema nikuhamishe."

"Ndiyo posa hiyo, kaka fundi?"

"Wengine huleta barua. Mimi nimeleta ukuta."

Akatabasamu. Hakucheka, lakini alitabasamu, na tabasamu lile likamshibisha fundi wiki nzima.

Jumamosi pazia likafunuliwa kidogo. Pua ikatangulia, mwenyewe akafuata, mkononi ana viatu vya fundi rangi alivyovitia soli mpya bila hata kuombwa zaidi ya mara moja. Akavipanga sakafuni, ncha zikimtazama mwenye viatu. Fundi rangi, kwa hasira ya kuingiliwa kazini, akakigeuza kila kimoja pale pale kilipo, akatumbukiza miguu.

"Umevaa kinyume, bwana," fundi viatu akamwambia. "Vikikutazama vinakuchanganya. Wengi wako hivyo."

Fundi rangi akavivua na kuvibadilisha, masikio yanawaka. Alipoinua kichwa, mgeni alikuwa ameshajiona ukutani. Ameshika pua yake, anaitazama ya pili.

"Huyu ni mimi?"

"Kama pua inakuenea."

"Imenienea. Na Yesu atakaa vipi hapo katikati? Atawapa mgongo waumini?"

"Mgongo! Umeona wapi Yesu akawapa watu mgongo? Atawatazama usoni."

Fundi viatu akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akakiachia kicheko kile kile cha kibandani, kinachoshikisha watu kuta.

"Basi sina neno. Ila usinihamishe, tafadhali. Niache papo hapo."

Mjinga hana dawa, fundi rangi akajisemea. Hata jehanamu anaiombea nafasi. Akachovya brashi, akamleta Yesu: uso kwa waumini, mikono imefunguliwa pande zote mbili.

Jumapili pazia likavutwa. Kanisa zima likashusha pumzi kwa pamoja, kisha vidole vikaanza. "Yule si fundi viatu?" "Nani mwingine, na pua ile!" Fundi rangi alikuwa amekaa nyuma ya mwalimu wa kwaya, amemkazia macho kisogoni. Mama alikuwa kimya. Kimya kabisa! Fundi akasikia moyo unamruka kama mwanakondoo malishoni.

Mchungaji akapanda mimbarini, akasimama chini ya miguu ya Yesu, akawageukia watu.

"Siku ile," akanguruma, "Bwana atawaweka kondoo wake mkono wake wa kuume!"

Na bila kutazama nyuma, akaunyoosha mkono wake wa kuume. Kidole kikaelekea moja kwa moja kwenye pua ya fundi viatu.

Mkono wa kushoto nao ukaanza kuinuka, kuwaelekea wale wawili walioshikana mikono.

Mwalimu wa kwaya akageuka taratibu kwenye kiti chake.

"Kaka fundi," akanong'ona, "nihamishe."