Maji ya Kwao

Siku alipomzika mwanawe, Insaf alishuka na ndoo hadi ufukwe wa Iskandaria, akarudi nyumbani kuongeza maji kwenye tangi la farasi-bahari ambao marehemu aliwaacha. Akawa anafanya hivyo kila maji yalipopungua.

Rafiki wa marehemu alipokuja kumjulia hali, alichovya kidole tangini, akaonja, akacheka. "Chumvi yote hii, Mama! Umewafanya achari?"

"Ni maji ya kwao, mwanangu. Ya baharini."

Kicheko kilimkauka. "Maji yakikauka, chumvi haiondoki, Mama. Mwanao alikuwa anaongeza maji yasiyo na chumvi."

 Mkono wa Insaf ulikuwa majini, na farasi-bahari wa mwisho aliyebaki hai alikuwa amemzungushia mkia kidoleni, kama mtoto mchanga anavyoshika.

Mkia ukalegea.

Pampu ya tangi bado inatoa mapovu. Insaf hajaizima.